Mkalimani Anapobisha Hodi

Leo sina mgeni studioni. Niko peke yangu na kikombe cha chai ya tangawizi, na mada ambayo ukiisikia jina lake unaweza kuhama stesheni ukatafute taarabu. Usihame. Nipe robo saa tu.

Mada yenyewe ni hii: namna ya kumwandaa mkalimani wa lugha ya kompyuta kabla hajaanza kazi kwenye mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, yaani Linux, FreeBSD, macOS na ndugu zao. Nimesema mkalimani. Nitaeleza kwa nini.

Ile chipu iliyomo ndani ya kompyuta yako haijui Python. Haijui Perl, wala Ruby. Inajua lugha yake ya namba, basi. Wewe unaandika kwa Python, na katikati yenu anakaa mtu anayesoma ulichoandika na kuiambia mashine ifanye nini. Huyo wa katikati ndiye mkalimani. Tuko pamoja? Sasa swali: huyo mkalimani naye ametoka wapi? Naye ni programu, ameandikwa na watu, na mara nyingi ameandikwa kwa lugha iitwayo C. Maandishi yake tunayaita msimbo. Msimbo ukipita kwenye kompaila, yaani programu ya kuugeuza kuwa lugha ya chipu, unatoka mkalimani kamili aliye tayari kufanya kazi. Lakini kabla ya kompaila kugusa kitu, kuna hatua moja ambayo vijana wetu wengi wanairuka kwa haraka, kisha wanakuja kulia jioni. Hatua hiyo ndiyo mazungumzo ya leo. Kwa ufupi, mkalimani anafika mji mgeni, na kabla hajaingia lazima abishe hodi na kuuliza.

Aulize nini? Twendeni sokoni kwanza.

Ukitoka bara ukaenda Darajani, Unguja, ukiwa na orodha yako ya manunuzi, utaandika nyanya. Mwenye meza atakuonyesha tungule. Utaandika viazi, yeye atakwambia mbatata. Bidhaa ni ileile, jina ndilo limebadilika. Wewe binadamu utacheka na kununua. Kompyuta haicheki. Ukiiagiza nyanya kwenye mji wenye tungule, itakwambia nyanya hazipo na biashara imekufa hapo hapo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Unix. Ilizaliwa mwaka 1969 kwenye maabara za Bell Labs huko New Jersey, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ilipofika miaka ya 1980 ukoo ulikuwa umetawanyika. AT&T walikuwa na yao, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilikuwa na yake, Sun, HP, IBM na DEC kila mmoja na ya kwake, hata Microsoft waliuza moja ikiitwa Xenix. Zote zilijiita Unix au binamu wa Unix, na kila moja ilikuwa na lahaja yake. Chukua kazi ndogo kabisa ya kutafuta herufi moja ndani ya neno. Upande wa Berkeley kazi hiyo iliitwa index. Upande wa AT&T iliitwa strchr. Nyanya na tungule, msikilizaji. Kulikuwa na mamia ya tofauti za namna hiyo, na nyingine zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu jina lilikuwa moja lakini tabia mbili.

Sasa mtu anayetaka mkalimani wake afanye kazi katika miji yote hiyo afanye nini?

Hapo anaingia bwana mmoja ninayempenda sana katika historia hii, Larry Wall. Huyu alisomea isimu. Alipokuwa chuoni Berkeley na mkewe, mpango wao ulikuwa watafute lugha ambayo bado haijaandikwa, pengine huku kwetu Afrika, waitungie maandishi, kisha waitafsirie matini, Biblia ikiwamo. Afya haikuruhusu, wakabaki Marekani. Tarehe 18 Desemba 1987 akatoa kitu kingine, mkalimani wa lugha ya kompyuta aitwaye Perl. Huwa najiuliza ni kijiji gani cha Afrika kilimkosa Larry Wall. Lakini ukiutazama mlango wa Perl utaona kwamba ile elimu ya kukaa na wenyeji na kuwauliza maneno yao haikupotea.

Mlango huo ni programu iitwayo Configure, kwa C kubwa. Imeandikwa kwa lugha ya sheli. Siyo ile sheli ya petroli, jamani. Ni ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, inayopatikana kwenye kila Unix. Kwa nini sheli? Fikiri kidogo. Huwezi kuandika maswali kwa Perl, kwa sababu Perl hajazaliwa bado. Na kwa C peke yake huwezi kuanza, kwa sababu bado hujui kompaila ya C ya mji huu iko wapi wala ina tabia gani. Sheli ndiyo lugha pekee ambayo una hakika utaikuta imekaa barazani.

Ukiiwasha Configure, inaanza mazungumzo. Kwanza inakagua mzigo wake wenyewe: je, mafaili yote yamefika, au kuna yaliyoanguka njiani? Halafu inatafuta vyombo vya kazi vya hapo nyumbani. Halafu inaanza kuuliza, swali baada ya swali, na kila swali lina jibu lililopendekezwa kwenye mabano ya mraba, ili ukiwa hujui ubonyeze tu kitufe cha kuingiza. Na ni programu yenye utani. Kulikuwa na mfumo ulioitwa Eunice, uliojifanya Unix juu ya mashine za VMS za DEC, na inaonekana uliwasumbua watu. Configure ikishagundua kwamba haupo hapo, inakupa hongera kwamba hutumii Eunice. Kwa miaka mingi watu ambao Eunice hawajawahi hata kuiona kwa macho wamekuwa wakipewa hongera hiyo.

Lakini kiini cha kazi yake ni hiki, na naomba mkisikilize vizuri. Configure haiuliziulizi wewe tu. Inaiuliza mashine. Na haiulizi kwa kutazama jina lililoandikwa mlangoni. Inaandika programu ndogo ya C, ya mistari michache, inaipitisha kwenye kompaila na kuona kama imekubali. Mara nyingi inaiendesha kabisa na kusoma jibu. Je, hapa kuna strchr au index? Andika programu, jaribu. Je, namba kamili hapa ina ukubwa gani? Jaribu, pima. Narudia: haidhani, inajaribu.

Kuna swali moja hapo ninalolipenda kuliko yote. Mashine ikihifadhi namba kubwa huikata vipande vipande na kuvipanga. Je, inaanza na kipande kikubwa au kidogo? Wazee wa pwani watanielewa hapa. Sisi leo tunasema ishirini na tano: makumi kwanza, kisha mamoja. Babu zetu pwani, kwa kufuata Kiarabu, walisema hamsa wa ishirini: tano kwanza, ishirini baadaye. Namba ni moja, mipangilio ni miwili. Basi chipu nazo ziko hivyo hivyo. Chipu za Intel zilizojaa maofisini kwetu ni za hamsa wa ishirini, zinaanza na kidogo. Chipu nyingine, kama SPARC za Sun, zilikuwa za ishirini na tano. Configure inaweka namba kwenye kumbukumbu, inazisoma kipande kwa kipande, na inaandika ilichokikuta: moja, mbili, tatu, mpaka nane, au kinyume chake. Mkalimani asipolijua hilo atasoma mafaili ya wenzake kinyumenyume.

Majibu yote yanaandikwa kwenye faili moja, config.sh. Ukilifungua utakuta mamia ya mistari, kila mstari tabia moja ya mashine yako. Kutokana na faili hilo yanatengenezwa maagizo ya kompaila. Kisha unaandika make, na ujenzi unaanza. Hapo kuna jambo zuri tena: anajengwa kwanza mkalimani mdogo, miniperl, asiye na makolokolo mengi, na huyo mdogo ndiye anayetumika kumalizia kumjenga mkubwa. Baadaye make test, ambayo ni mtihani, halafu make install, kuhamia nyumbani. Usiruke make test. Nasema hivyo kwa sababu najua unairuka.

Msikilizaji mmoja hodari ataniuliza: je, si ingekuwa rahisi kuandika tu kwamba huu ni mji wa HP, basi mambo yake ni haya na haya? Swali zuri. Na ukweli ni kwamba Perl wana folda ya madokezo, inaitwa hints, yenye faili kwa kila mfumo: la AIX, la FreeBSD, la Solaris na wengineo. Yameandikwa na watu walioumia huko kabla yako. Configure inatambua jina la mfumo wako na kulichukua dokezo lake. Sasa dokezo likisema hivi na jaribio likasema vile? Hapo ndipo utaiona Configure inapaza sauti, ngoja kwanza wewe, na kukuonyesha kwamba thamani iliyopendekezwa kwa mashine hii ni tofauti na iliyoonekana. Je, tubaki na ya pendekezo? Naona huo ni uungwana mkubwa. Mzee wa mtaa kasema neno, macho yameona lingine, na anayeamua mwishoni ni mwenye nyumba.

Kwa asiyetaka kujibu maswali yote hayo, kuna amri ya mkato: sh, nafasi, Configure, nafasi, kistari, des. Maana yake: chukua majibu yaliyopendekezwa, usinisimamishe, na nyamaza. Karibu kila mtu anatumia hiyo siku hizi. Mimi pia. Lakini walau mara moja katika maisha yako iendeshe bila hiyo, mchana umetulia, ujibu mwenyewe. Utajifunza Unix zaidi kuliko mihula miwili ya darasani.

Tuendelee. Nataka tufike kwenye Python, maana najua wengi wenu ndiko mliko.

Juni 1991, David MacKenzie, aliyekuwa akitunza programu nyingi za mradi wa programu huria wa GNU, alichoka kuandika maagizo ya kila mfumo kwa mkono. Akaanzisha kitu kilichokuja kuitwa Autoconf. Hiki kinatengeneza mlango wa aina nyingine, configure kwa c ndogo, ambao haukuulizi wewe hata neno. Unaiuliza mashine tu, na wewe unakaa pembeni unasoma: natafuta hiki, kipo, natafuta kile, hakipo. Python, aliyoianza Guido van Rossum huko Amsterdam mwishoni mwa 1989, inatumia mlango huo. Unaingia kwenye folda ya msimbo, unaandika nukta, mkwaju, configure, na mistari inaanza kukimbia kama treni.

Na hapo ndipo penye mtego. Configure ya Perl ilikuwa mgeni msemaji. Hii ni mgeni mpole. Ikikosa kitu kisicho cha lazima, haipigi kelele. Inaendelea na safari. Mkalimani wako atazaliwa, atasema habari za asubuhi, lakini atakuwa hana sikio moja.

Mfano. Mwezi uliopita kijana mmoja alinitumia ujumbe. Amejenga Python mwenyewe kwenye seva, yote yamekwenda vizuri, lakini kila akijaribu kuvuta kifurushi chochote kutoka mtandaoni anaambiwa moduli ya ssl, ile ya mawasiliano salama ya mtandaoni, haipo. Amepakua msimbo upya mara tatu, bando limekwisha. Kosa liko wapi? Msimbo hauna kosa. Mashine yake haikuwa na mafaili ya OpenSSL ya kujengea. Angalia neno hilo: ya kujengea. Maktaba ya OpenSSL yenyewe ilikuwapo, programu nyingine zinaitumia. Lakini kompaila inahitaji pia yale mafaili ya maelezo, na kwenye Linux za Debian na Ubuntu hayo huwekwa kwenye kifurushi cha pembeni chenye jina linaloishia na kistari dev. Libssl kistari dev. Libffi kistari dev. Vivyo hivyo kwa zlib, kwa sqlite, kwa readline. Ni kama kuwa na dawa nyumbani bila karatasi ya maelezo: mgonjwa anayeijua ataimeza, mgeni hataithubutu.

Na Python ilimwambia! Mwisho wa make kuna orodha inayosema kwamba mahitaji ya kujengea moduli fulani hayakuonekana, na inazitaja kwa majina. Lakini orodha hiyo inakuja baada ya mamia ya mistari, na yeye alikuwa ameshaenda kununua vocha. Wakati mwingine kitu kipo lakini kimezeeka: kuanzia toleo la 3.10, Python inataka OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi, na seva nyingi za Linux ya CentOS 7 zilikuwa na 1.0.2. Dalili ni ileile, ssl haipo. Narudia kwa waliochelewa: ukimaliza make, pandisha skrini, soma orodha ya vilivyokosekana, kisha ndipo useme umemaliza.

Sasa niwaambie kosa langu, maana sipendi kucheka vijana bila kujicheka.

Miaka ya nyuma nilipewa seva ya ofisi moja, ofisi siitaji, niweke Python mpya. Seva ilikuwa ya CentOS ya zamani. Nikajenga vizuri, nikasoma orodha, kila kitu kipo. Halafu tamaa ikaniingia. Nikasema huyu mkalimani mzee wa nini tena? Nikamtoa, nikamweka wangu mahali pake. Dakika kumi baadaye nikataka kuongeza programu nyingine kwa yum, ambayo ndiyo chombo cha CentOS cha kuletea programu. Yum ikakataa. Kwa nini? Kwa sababu yum yenyewe imeandikwa kwa Python, ile ya zamani, na mkalimani wake nilikuwa nimemfukuza kazi. Na siwezi kumrudisha kwa yum, kwa sababu yum ndiyo iliyokufa. Nililala ofisini siku ile, juu ya viti viwili.

Dawa ya hilo ni neno moja kwenye configure: prefix. Vistari viwili, prefix, alama ya sawa, kisha mahali unapotaka mkalimani wako akae. Usipotaja, atakwenda usr mkwaju local, na si pabaya. Ukitaja folda yako mwenyewe chini ya opt, au hata ndani ya folda yako ya nyumbani, ni salama zaidi, na siku ukimchoka unafuta folda moja tu. Na kwa Python, badala ya make install andika make altinstall. Hiyo inamweka mgeni kwa jina lake kamili, python3.12 kwa mfano, bila kumpokonya mwenyeji jina la python3. Wenyeji wa mfumo waache na mkalimani wao.

Kabla sijamaliza, kuna waliouliza kuhusu zile kompyuta ndogo za bodi moja. Je, naweza kujenga mkalimani kwenye kompyuta kubwa, kisha nimhamishie kwenye ndogo yenye chipu tofauti? Unaweza, ila kumbuka nilichosema mwanzoni: configure inaandika programu ndogo na kuiendesha. Programu ya chipu ile haiendeshiki kwenye chipu hii. Umepika chungu ambacho huwezi kukionja. Kwa hiyo Python itakudai uitajie unajengea wapi na unajengea nani, na majibu mengine ambayo haiwezi kuyapata yenyewe itakutaka uyaandike kwa mkono wako. Configure ya Perl inajua njia ya kuingia kwenye mashine ya pili kwa mtandao na kuendesha majaribio hukohuko. Ushauri wangu kama una bodi moja tu mezani: ijengee juu yake yenyewe, washa usiku, ukalale. Na omba umeme usikatike.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Mwenye kompyuta ya Linux au Mac karibu naye afanye jambo moja sasa hivi, halina gharama wala halili bando. Fungua ile skrini nyeusi, andika perl, nafasi, kistari, V kubwa, ubonyeze kitufe cha kuingiza. Utaona majibu ambayo mashine ilimpa Configure siku mkalimani huyo alipojengwa: jina la mfumo, kompaila iliyotumika, tarehe, na mpangilio wa namba. Tafuta mstari wenye neno byteorder, kisha uniandikie ujumbe, taja chipu yako na uniambie: kwako ni ishirini na tano, au ni hamsa wa ishirini? Nitasoma majibu yenu Jumanne ijayo, saa mbili na nusu usiku.